Lazima ya Mama Gasto

Lori lilifika Unyambwa asubuhi ya Ijumaa kabla watu hawajanywa chai. Lilirudi kinyumenyume mpaka tairi za nyuma zikakanyaga maua ya mlangoni, na utingo akaanza kushusha magunia ya kufungia kompyuta hata hajasalimia mtu. Scola alikuwa anafagia darasa. Alitoka na ufagio wake mkononi.

"Wewe, kwenu hawabishi hodi?"

Utingo akasema yeye ameambiwa tu kwamba mzigo uko tayari.

"Mzigo ni wewe uliyebebwa mpaka hapa. Rudisha magunia yako juu, kamati haijakaa."

Utingo alimtazama, akautazama ufagio, akarudisha magunia. Scola hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na siku hiyo alikuwa ameamka na hasira iliyomshika tangu Jumatatu, siku taarifa ilipokuja.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, soko huria limepamba moto, kila kitu kikitafutiwa mwekezaji: viwanda, mashamba, hata vyoo vya stendi. Kituo cha kompyuta cha Unyambwa kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kimejengwa na wakulima wa alizeti kwa mikono yao, na ndani yake kompyuta nane zilizochoka, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo. Scola ndiye aliyezifufua, na ndiye aliyekuwa mwalimu. Sasa wafadhili walikuwa wamevikabidhi vituo vyote vya Kanda ya Kati kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na kampuni ilikuwa na mfumo wake. Kituo ambacho kamati yake ingeona mfumo wa kampuni ni bora kingefungwa, na mashine zake zingehamishiwa Dodoma zikakae pamoja na nyingine. Kamati ya Unyambwa ilitakiwa iamue asubuhi ile, maana lori lilikuwa na safari ya kwenda Manyoni.

Kwa maneno mengine, mashine zibaki au ziende. Scola alikwisha kuapa kwamba zikienda, zitampita mlangoni akiwa amesimama.

Aliyetumwa na kampuni alikuwa injinia Leonidas, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu Leonidas hakuwa mtu baki. Alikuwa mtoto wa Ihanja, kijiji kimoja na Scola, amechunga mbuzi na kaka zake Scola. Alishuka kwenye lori amevaa tai, akaenda kwanza kwa Mzee Urbano, mwenyekiti wa kamati, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa Ihanja, wewe?"

"Wa Ihanja, mzee." Kisha akamgeukia Scola. "Dada Scola, usininunie. Mimi nimetumwa."

"Waliokutuma walijua wanamtuma nani," Scola akasema. "Ingia, kaka. Viti vipo."

Wakaingia. Kamati ilikuwa Mzee Urbano, wakulima wawili kutoka Iguguno, na Mama Gasto. Huyu jina lake la ubatizo ni Jenipher, katekista wa kigango, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito inayoweza kufika kanisa zima bila kipaza sauti. Mzee Urbano alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, akatazama kompyuta kama mtu anayetazama mvua ya mbali.

Ieleweke kwamba Scola na Leonidas wote walikuwa watu wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Ugomvi wao haukuwa wa mfumo wenyewe, ulikuwa wa namna ya kufunga vifurushi vyake. Programu ya Linux haiji peke yake. Hufungwa kwenye kifurushi, na ndani ya kifurushi aliyekifunga huandika maelezo: ili hiki kifanye kazi, vinahitajika vifurushi fulani na fulani. Dar es Salaam haya si mambo ya kumnyima mtu usingizi, kwani kikikosekana kitu mashine inakifuata kwenye mtandao. Unyambwa hapakuwa na mtandao. Vifurushi vilikuja kwenye sidii, na sidii zilikuja kwa basi, zimeviringishwa kwenye gazeti na kukabidhiwa konda. Kifurushi kisichosema ukweli kuhusu mahitaji yake kilikukalisha bure mpaka basi lingine. Ndiyo maana Scola aliyasoma maelezo hayo kwa umakini ambao wengine huuweka kwenye mikataba ya ndoa.

"Tueleze tu kwa lugha yetu," Mzee Urbano akasema. "Tofauti ni nini?"

Leonidas akasimama. Alizungumza vizuri, mtu asimwonee.

"Mzee, kuna namna mbili za kufunga vifurushi. Ya dada Scola inaitwa deb. Yetu inaitwa rpm. Zote zinajua kusema hiki kinahitaji kile, hiki hakipatani na kile, hiki kimechukua nafasi ya kile. Lakini yetu, wakati wa kufunga, inachungulia programu yenyewe. Inaona inaita faili gani, inaandika yenyewe. Haitegemei mdomo wa mtu. Mtu husahau, mtu huona aibu, mtu hupendelea. Mashine haina shemeji."

Wakulima wa Iguguno wakacheka. Mzee Urbano naye akatabasamu, na Scola akaona mambo yanaanza kumwendea kombo.

"Ya kwetu pia ina kifaa cha kuchungulia," akasema. "Faili za msaada inaziona yenyewe. Lakini baada ya hapo mtu anaachiwa nafasi ya kusema. Na anaweza kusema kwa ngazi. Kwenye deb kuna lazima: bila hiki siwezi kusimama. Kuna bora iwepo: naweza kusimama bila hiki, ila utanisikitikia. Na kuna ukipenda. Kwenye rpm, kaka, kuna lazima na kuna kimya. Sema kama nimesema uongo."

"Hujasema uongo," Leonidas akajibu. "Ila hizo ngazi ni mapambo, dada. Kazi inafanywa na lazima."

"Tutaona."

Wakakubaliana kupima. Kompyuta mbili zilifutwa kabisa na kuwekewa mfumo mtupu, moja deb, nyingine rpm. Kila mmoja angeweka programu yake kwa sidii alizonazo mkononi, bila msaada wa nje, kama itakavyokuwa siku zote Unyambwa.

Leonidas akaanza. Aliweka programu ya ofisi ya kampuni yake. Mashine ikadai hiki, akaweka. Ikadai kile, akaweka. Alikuja amejiandaa, sidii zake amezipanga kwa rangi, na kila kilichodaiwa kilikuwepo. Diski ya kompyuta ile ilikuwa ndogo, na ikazidi kujaa. Scola alisogea akasoma yaliyokuwa yanapita kwenye kioo.

"Haya, na hizi herufi za Kijapani?"

"Zinahitajika," Leonidas akasema bila kugeuka.

"Na nani? Kuna Mjapani Unyambwa?"

"Aliyefunga kifurushi aliona bora ziwepo."

"Ameona bora ziwepo! Ndiyo nayosema mimi. Aliona bora ziwepo, na hakuwa na mahali pa kuandika bora iwepo. Akaandika lazima. Sasa diski ya wakulima wa alizeti imejaa Kijapani."

Safari hii wakulima walicheka upande wake. Lakini programu ya Leonidas ilimaliza. Ilifunguka, ikaandika herufi nzuri, ikachora jedwali. Nafasi iliyobaki kwenye diski ilikuwa kidogo mno, lakini kitu kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho ya watu, na kitu kinachofanya kazi kina heshima yake. Mjumbe mmoja wa Iguguno akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ikawa zamu ya Scola. Hakuweka programu ya ofisi. Aliweka Alizeti, programu waliyoitengeneza yeye na wanafunzi wake palepale: masomo ya kilimo cha alizeti yenye picha za magonjwa na wadudu, yameandikwa kwa Kiswahili rahisi, na kwa wasiosoma kulikuwa na sauti ya Mama Gasto akiyasoma kwa Kinyaturu. Kila Jumamosi Scola alibeba kompyuta moja mpaka Iguguno, akaiwasha kwa jenereta ya mashine ya kukamulia mafuta, na watu wakaja kusikiliza. Hii ndiyo kazi aliyotaka kamati iione. Aliandika amri, akabonyeza, akakunja mikono kifuani.

Mashine ikafikiri kidogo. Halafu ikaandika: tafadhali weka sidii namba sita.

Scola akausoma mstari ule mara mbili. Sidii namba sita ndiyo yenye sauti. Sidii namba sita ilikuwa Iguguno, imebaki pale kwenye mashine ya mafuta tangu Jumamosi, kwa sababu mwenye mashine aliomba asikilize tena na mkewe. Aliijua, alikumbuka hata meza ilipowekwa. Hakuwaza kuihofia kwa kuwa sauti si kitu cha kuzuia programu isifunguke. Masomo yanasomeka bila sauti.

Akaomba mashine imwonyeshe maelezo ya kifurushi. Yakaja. Na pale, kwenye mstari wa lazima, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika: sauti.

Sasa alikumbuka. Mwanzoni aliandika kwenye mstari wa bora iwepo, mahali pake pa haki. Kisha akamfikiria Mama Gasto, aliyekuja kurekodi mchana baada ya mchana na kikohozi chake, akirudia sentensi nzima kila jogoo wa jirani alipowika. Utamwambiaje mama kama huyo kwamba ni bora awepo? Scola alilelewa Ihanja na mama yake, Selina, na Selina akiita watu kuja kulima shamba hupita nyumba kwa nyumba, na hakuna anayeambiwa njoo ukipata nafasi. Hata babu asiyeweza kushika jembe, atakayekuja kukaa na kunywa pombe tu, anaambiwa tunakutegemea, bila wewe shamba halilimiki. Kumwambia mtu vinginevyo ni kumfukuza. Basi Scola alifuta, akaandika lazima. Alikifundisha kifurushi adabu za Ihanja, na kifurushi hakijui adabu, kinajua kilichoandikwa tu.

"Dada Scola," Leonidas akasema, na kwa bahati mbaya alisema kwa upole, "ndicho nilichokuwa nasema. Mdomo wa mtu."

"Kuna nini?" Mzee Urbano akauliza. "Mbona kimya?"

Scola akageuka kutoka kwenye kioo. Angeweza kusema diski ni mbovu, au sidii imechubuka, na pale hapakuwa na wa kumbishia isipokuwa mtu mmoja. Lakini hakuwa tayari kuzipoteza mashine zake kwa uongo. Akajikaza.

"Nimekosea mimi, mzee. Sauti nimeiandika lazima na sauti haipo, iko Iguguno. Programu inaisubiri. Kosa ni langu, si la fomati, hiyo namna ya kufunga. Na fomati inaniruhusu kulisahihisha hapahapa mkiwa mmekaa. Kaka Leonidas, wewe ungetaka kuzitoa zile herufi za Kijapani kwenye lazima, ungeziweka wapi?"

Leonidas akafikiri kwa haki. "Ningezifuta. Na mtu anayezihitaji asingejua kwamba zipo."

"Basi. Mimi nitaishusha sauti kwenye bora iwepo, nifunge kifurushi upya, na..."

"Unamshusha nani?"

Alikuwa Mama Gasto. Alikuwa ameinuka, na ile sauti ya kanisa zima ilikuwa imeingia kwenye chumba cha watu wachache.

"Mama, si wewe. Ni kifurushi cha..."

"Ni sauti yangu. Umesema unaishusha iwe bora iwepo. Mwalimu, sikiliza. Pale Iguguno Jumamosi nani anasoma? Nimehesabu kwa macho yangu, nusu ya wale akina mama hawajui a wala be. Mama kama huyo unamwambia maandishi ndiyo lazima, na mimi ni mboga ya pembeni? Kwako wewe uliyesoma, ndiyo, mimi ni bora niwepo. Kwa yule mama, maandishi yako ndiyo ya ukipenda. Kwake yeye lazima ni mimi."

Scola alijua mama yule amesema kweli tupu. Kumweka kwenye lazima kwa adabu lilikuwa kosa. Kumtoa kabisa kwenye lazima lingekuwa kosa kubwa zaidi, na hili la pili Scola alikuwa karibu kulifanya kwa kujiamini kabisa mbele ya kamati. Aliona aibu, kisha aibu ikageuka furaha, maana alikumbuka kitu.

"Mama Gasto, kaa tafadhali. Una haki. Na kuna mahali pako."

Akavuta kiti kwenye kompyuta yake ya kazi, akafungua maelezo ya kifurushi. Kwenye mstari wa lazima palikuwa na maandishi, kisha mkato, kisha sauti, yaani vyote viwili vitakiwe. Akaufuta ule mkato. Mahali pake akaweka kijistari kimoja kilichosimama wima.

"Kijistari hiki maana yake ni au," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Lazima: maandishi au sauti. Kimoja kati ya viwili ni lazima kiwepo, chochote kati ya hivyo, na hakuna mkubwa wala mdogo. Palipo na sidii ya sauti peke yake, programu itasimama kwa sauti. Palipo na maandishi peke yake, itasimama kwa maandishi. Pasipo na chochote, itakataa, na itakuwa na haki ya kukataa. Injinia, rpm yenu ina au?"

Leonidas akajikuna shingo. "Haina au. Tungezunguka. Vifurushi vyote viwili tungevipa jina moja la pamoja, halafu programu idai lile jina."

"Inawezekana?"

"Inawezekana. Lakini lazima uwe umepatana na waliofunga vyote viwili. Na kama vyote vipo, huwezi kuandika unapenda kianze kipi." Akacheka kidogo, kicheko cha mtoto wa Ihanja siyo cha kampuni. "Hiyo au yenu ni fupi zaidi. Hilo nakupa."

"Sitaki unipe. Nataka uandike kwenye taarifa yako."

Akafunga kifurushi upya, akakipeleka kwa flopi kwenye kompyuta ya majaribio, akaandika amri. Mashine ikafikiri. Haikudai sidii namba sita. Ilichukua maandishi, ikaacha sauti, ikamaliza na diski ikabaki na nafasi kubwa. Alizeti ikafunguka: picha ya jani, na chini yake aya ya maelezo.

"Hiyo hapo, mzee," Scola akasema. "Tazama mwenyewe."

Mzee Urbano akasogeza kiti mbele. Akainamia kioo, akarudisha kichwa nyuma, akainamia tena. Watu wote wa Unyambwa walijua kwamba mzee huyu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na wote walijua kwamba yeye hajui kwamba wanajua. Karatasi za kamati alizipeleka nyumbani eti akazitafakari, na binti yake akamsomea. Scola alijing'ata ulimi. Katika kelele zote za asubuhi ile hakukumbuka hilo, na sasa alikuwa amemwita mwenyekiti wake mbele ya mgeni atazame kitu asichokiona. Ikiwa mzee atasema hakuna kitu hapa, basi hakuna kitu, na magunia yatashuka.

Mama Gasto aliinuka tena. Hakuomba ruhusa. Akaja akasimama nyuma ya kiti cha mzee, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, na akaanza kusoma kilichokuwa kwenye kioo, akikigeuza kwa Kinyaturu sentensi kwa sentensi kama alivyozoea kurekodi: madoa ya rangi ya kutu kwenye majani ya chini, yanaanza madogo, yanapanda juu, ukiyaona usingoje, ng'oa masalia yote baada ya mavuno, msimu unaofuata usipande alizeti palepale. Alisoma bila haraka. Mzee Urbano alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho wa aya.

"Rudia pale pa majani ya chini," akasema.

Mama Gasto akarudia.

"Msimu uliopita mke wangu aliniambia majani yana madoa," Mzee Urbano akasema taratibu, kwa Kiswahili, ili injinia naye asikie. "Nikamwambia ni vumbi la barabara. Nilikwenda shambani nikatazama, nikasema vumbi. Shamba lote la juu likaisha." Vidole vyake vilikuwa vinasugua kichwa cha fimbo. "Wajumbe, mnasemaje?"

Wakulima wa Iguguno wakatazamana. Yule aliyekuwa ameridhika na programu ya ofisi akasema sidii ile ya sauti iko kwao, na wataitunza. Mwenzake akaitikia.

"Basi mashine hazitoki hapa," Mzee Urbano akasema.

Leonidas akaanza kukusanya sidii zake za rangi. Hakuonekana kukasirika, ila alikuwa na kazi yake ya kuimaliza. "Mzee, nimesikia. Mimi nitaandika nilichokiona, na hiyo au nitaitaja. Lakini kampuni haitafurahi. Itawaandikia barua, na barua itakuwa kali."

"Waandike," Scola akasema.

"Ngoja, mwalimu, hili ni langu." Mzee Urbano alisimama. Akaelekeza uso wake mahali ilipotoka sauti ya injinia, akakosea kidogo, akauacha hivyohivyo bila kujisahihisha. "Waambie waandike ukali wanaoutaka. Nitaisikiliza yote. Atanisomea Mama Gasto, hapahapa kwenye kamati, kwa sauti, kwa sababu mimi sioni. Macho yangu yamekwisha, na sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa. Lakini masikio ninayo, na kwenye hiki kituo masikio yanatosha."